Itaendelea

Mwezi wa saba Moshi ilikuwa baridi na mimi sikuoga siku nne.
Naanzia hapo kwa sababu watu hupenda kuanzia walipopona.

Mama aliita mawazo. Shangazi Ndekusara aliita husuda,
akataja na jina la jirani.
Daktari wa Mawenzi, kijana, kalamu sikioni,
akasema: sonona.
Nikalipenda neno lile bila kutaka,
lina mlio wa jina la binti wa watu.
Sonona, njoo uchukue maji.
Akanipa vidonge ndani ya bahasha ya kaki
na tarehe ya kurudi.

Usiniambie mlima upo, ni wingu tu limeufunika.
Nimeshaambiwa. Na mchungaji, na fundi bomba,
na yule aliyekuja kusoma mita ya maji.

Kilichonitoa kitandani ni kitu cha aibu kidogo:
katuni.
Kijarida cha kurasa kumi na sita, wino wachafua vidole,
mezani kwa Twalibu, pale stendi, kila Ijumaa ya pili.
Rubani Kishindo na chombo chake, Mtungi,
kilichoundwa kwa bati la zizi la ng'ombe.
Hupasuka kila toleo, lazima,
naye hukiziba kwa alichonacho:
mfuniko wa sufuria, ugali uliolala, kanga.
Hana nguvu za ajabu. Anaogopa giza,
na kazi yake iko huko huko gizani.
Ukurasa wa mwisho, chini, kulia,
kwa herufi ndogo za mkono: Itaendelea.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Sitazieleza.
Ila toleo la thelathini na moja lilimwacha Kishindo
ananing'inia nje ya Mtungi kwa kamba ya katani,
na kamba inaanza kufumuka.
Nikasema, basi, hadi Ijumaa.

Ijumaa ile nikaoga. Nikatembea toka Pasua hadi stendi
kwa kandambili, moja ya bluu, moja ya kijani.
Twalibu akanitazama:
"Nawe ni wa Kishindo? Mko wengi. Nendeni huko mkasumbuane."

Huko ni Memorial, nyuma ya meza za mitumba,
kwa Eliamani muuza makoti,
Jumamosi saa kumi, wakishafunga marobota.
Watu saba. Muuguzi mmoja. Anaeli wa kidato cha pili,
asiyefungua kinywa ila kuiga injini ya Mtungi.
Mzee Kileo, mstaafu wa kiwanda cha sukari,
anayeshikilia kwamba toleo la tisa lilikosewa,
Mtungi una madirisha matano, si manne,
na yuko tayari kugombana hadi magharibi.

Tuligombana hadi magharibi.
Nilikuwa sijapandisha sauti kwa lolote tangu Pasaka.

Eliamani akanishonea vazi la Kishindo
kutokana na koti la mvua la mtu wa Ulaya nisiyemjua;
mfukoni tulikuta tiketi ya treni na ganda la pipi.
Nami nikawasomea ubeti, wakapiga meza:

    Kishindo uko angani, umeshikilia kamba,
    Nami niko kitandani, shuka nzito kama mwamba,
    Tuitane tu gizani, hofu isije kutamba,
    Toleo lijalo lini? Mchoraji, tunaomba.

Sijapona. Vidonge naendelea navyo, na tarehe za Mawenzi.
Vuli ilipoanza nikaanguka tena,
siku tatu, mlango nimeukomea.
Ya tatu jioni, nje ya dirisha, kwenye tope,
mlio:
kwanza kama cherehani, kisha kama jiko la mchina,
kisha bati zima la zizi likiondoka ardhini.

Anaeli. Hakubisha hodi, hakusema pole.
Aliwasha injini tu,
akasimama pale na mvua
akiisubiri ipate moto.