Hoja ya Tano

Julai, Mufindi. Ukungu umeshuka hadi kwenye vichaka vya chai
nami nasahihisha madaftari ya kidato cha tano,
miguu ndani ya beseni la maji ya moto.
Swali: Wafalme wa Kinomani walitawalaje pamoja na Kanisa?
Toa hoja tano.

Salvina Chengula ametoa nne
kwa mwandiko uliolala kama ngano iliyopigwa na upepo.

Mfalme aliwapa maaskofu ardhi,
maaskofu wakampa askari wa farasi.
Mafuta ya kutawazwa hayakuwa ya bure.
(Ya bure: nimepigia mstari. Kisha nimeufuta.)

Barua ya Papa ilisubiri nje,
kama mgeni aliyekuta mbwa mlangoni,
hadi mfalme aseme ipite.

Walitenganisha mabaraza: dhambi huku, ng'ombe walioibwa kule.
Lakini mwizi, anaandika, ni yule yule.

Na pale alipoangukia mfalme wa wenyeji
Wiliamu akajenga madhabahu.
Toba, au jiwe la mpaka? Hasemi.

Sisemi na mimi. Darasani niliwasimulia kile kitabu cha hesabu:
kila kinu, kila plau,
hata nguruwe hakuachwa.
Wakamcheka nguruwe.
Yeye akauliza: waliohesabiwa, waliambiwa ni ya nini?

Sasa hii hapa, hoja ya tano, kwa penseli:

"Bibi yangu Remigia anasema chifu alitoa kilima,
padri akatoa kengele,
wakapeana mikono juu ya kibuyu cha ulanzi.
Shamba letu la ulezi limo kwenye daftari la parokia,
hatua kwa hatua, urefu na upana.
Jina la babu halimo.
Bibi husali humo kila Jumapili, benchi la tatu,
maana hapo, anasema, ndipo lilipokuwa jiko la mama yake."

Mwongozo wa kusahihisha hauna mahali pa jiko.
Nimeandika nusu alama. Nimeikata.
Wino mwekundu umenishika kidoleni.

Nyumba hii ninayokaa ni ya misheni,
kodi hukatwa kabla mshahara haujanifikia.
Kuni ni za misheni. Na maji haya.
Kengele inalia,
na kabla sijafikiri
miguu imekwisha toka kwenye beseni,
inatafuta viatu.