Fomu Haina Kisanduku

Nyumba ya mia nne na kumi na mbili, Kimara.
Jua limenikalia utosini, kishikwambi kinaunguza kiganja,
nahesabu moshi usioonekana:
saruji, nondo, bati, vigae,
viyoyozi vinavyochuruzika ukutani kama pua zenye mafua.
Kila jengo nalipaka rangi. Jana ghorofa moja la Msasani
liliwaka jekundu kioo kizima;
Tandale ikabaki kijani, hafifu,
ungedhani kule watu hawapiki.

Injinia Lyatuu hutuambia:
saruji ilishakula moto kiwandani
kabla hujaichanganya na mchanga.
Ukuta ni moshi ulioganda.

Bi Sikudhani ananisogezea kigoda.
Miaka kumi na tisa anajenga, mfuko mmoja mmoja;
zamu yake ya upatu ikifika, kuta zinapanda kozi tatu.
"Andika," ananiambia, "na ile ya kwanza."
Ipi?
Ananyoosha kidole kwenye lami.
Pale palikuwa sebule.
Walikuja na rangi, wakachora X,
kisha tingatinga, asubuhi, chai ikiwa jikoni.
"Saruji yake je? Moshi wake kaandikiwa nani?"

Natafuta. Aina ya paa. Idadi ya sakafu.
Mwaka wa kukamilika.
Hakuna pa kuijaza nyumba isiyokuwepo tena.

Nikagusa barabara, katikati kabisa,
nikaipaka nyekundu.

Usiku Injinia kanipigia simu:
"Kuna nyumba umeiweka barabarani."
Kinyume chake, mkuu.