Wa Kumi na Mbili

Thora Isbister hakunipigia kelele.
Alinisikia nikipenga kamasi nyuma ya mitungi,
akaacha kukunja kamba, akaja,
akanikagua uso kama mtu anayechagua samaki mnadani.
"Tangu lini?"
Nikasema tangu jana. Nikasema ni mafua tu.
Ilikuwa siku ya nne. Na vidonge viwili
nilikuwa nimevimeza alfajiri, chooni, maji yakifunguliwa
ili Ailsa asisikie karatasi ikipasuka.

"Ziba pua, sukuma pumzi. Masikio yamezibuka?"
Moja, nikasema.
"Basi utazamisha sikio moja?"
Sweyn akacheka, kisha akamwona uso, akanyamaza.
"Na kama umemeza dawa," akasema Thora, mimi nikitazama buti zangu,
"dawa itakuacha huko chini. Haina nauli ya kurudi."

Miezi minane nimeweka akiba.
Treni mbili, kisha feri ya Scrabster iliyonitapisha,
suti kavu ya kukodi, ina kiraka gotini,
yote nipate kuligusa kwa kiganja changu
tumbo la manowari iliyolala kifudifudi
chini ya Scapa Flow, tangu kabla babu yangu hajazaliwa.
Na mama huyu wa kofia ya sufu ananinyima
kwa ajili ya kamasi!

Nikamwambia nimelipa.
"Pesa nitakurudishia," akasema.
"Kiwambo cha sikio sina."

Hakuna aliyenitetea. Ailsa akaunganishwa na jozi nyingine,
wakawa watatu, wakapekuana kama mama na mtoto siku ya shule:
mkanda huu, vali hii, vuta pumzi, vuta tena,
sindano isitikisike. Dakika thelathini na tano.
Kwenye mita tano msimame tatu,
hata mwili ukililia chai.
Kisha maji yakasimama, si kupwa si kujaa,
wakadondoka ubavuni mmoja mmoja,
na bahari ikajifunga juu yao kama haijaona mtu.

Nikabaki na kikombe, na kinyongo.
Daftari lilikuwa wazi juu ya usukani:
majina yetu kwa wino, yameandikwa usiku wa jana,
alama za vema kwa penseli.
Kwenye jalada la ndani, jina moja peke yake.
Rognvald. Wino umefifia.
Halina alama.
Sikuuliza.

Ukungu ukashuka kutoka Hoy bila kupiga hodi.
Boya la machungwa likachomoza, likafuata la pili,
vichwa vyeusi, vidole vikiunda duara: tuko salama.
Sweyn akawavuta ngazini. Thora akahesabu.
Kumi na mmoja.
Akahesabu tena, sasa kwa midomo.
Kumi na mmoja.
Penseli ikasimama hewani. Shingo yake
ikawa rangi ya karatasi. Sweyn tayari ameshika redio.

Nami, Mungu anisamehe, nilikaa kimya
pumzi mbili nzima,
kwa kununa tu, kwa kutaka kidogo
naye aonje.
Ndipo nikaona mkono wake unatafuta jalada lile.

"Thora. Wa kumi na mbili ni mimi."

Aligeuka. Hakucheka, hakutukana.
Alinijia akanigusa begani kwa ncha ya penseli,
akabonyeza, kama anayetaka kujua kuna nyama,
kisha akarudi, akanitilia alama yangu.
"Chai yako imepoa," akasema. "Wamiminie wote."

Nikamimina. Mikono yangu ndiyo iliyotetemeka,
si ya wale waliotoka kwenye baridi.

Usiku ule, Stromness, kitanda chembamba cha nyumba ya wageni,
sikio likafunguka lenyewe, tik,
na upande ule wa dunia niliokuwa nimeupoteza
nikasikia kumbe mvua inanyesha.