Nitajaribu Tena

Leelo alinipigia saa mbili asubuhi,
theluji bado haijazolewa vizingitini mwa Võru.
"Imelala tena," alisema. Hakusema kompyuta.
Mhasibu wa ushirika wa maziwa, miaka thelathini na miwili,
huizungumzia kama ng'ombe aliyegoma kusimama.

Nikavua buti mlangoni, nikaketi kwenye kiti chake.
Kishale kilizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Feni ilihema kama mtu anayepanda ngazi na gunia.
Herufi alizoandika kabla ya chai
ndiyo kwanza zilikuwa zikitokea, mojamoja.

Nilishuku vumbi. Nikafungua sanduku, nikapuliza,
nikatoa manyoya ya paka
(paka wa ofisi, wa kijivu, jina lake Ushuru).
Nikashuku kivinjari: madirisha hamsini na moja,
nusu yake mitindo ya soksi za sufu.
Leelo akanitazama. Yale ya soksi nikayaacha.
Nikashuku kinga ya virusi, inayopekua kila faili
kama askari wa forodha aliyekosa wasafiri.
Nikamshuku Indrek wa zamu ya usiku na michezo yake ya vifaru.
Nikazima, nikawasha. Nani hajafanya hivyo?
Kwa dakika nne ilikimbia.
Ya tano, feni ikabeba gunia lake tena.

Basi nikafungua orodha ya yale yaendeshwayo nyuma,
yasiyo na dirisha wala sura,
nikayapanga kwa ulafi, mkubwa juu.
Juu kabisa, asilimia tisini na mbili,
alikaa mmoja mwenye jina fupi: hiir.
Kwetu maana yake panya.

Nikamfuata hadi shimoni,
folda ndani ya folda ndani ya folda iitwayo "ya muda".
Mle nikakuta daftari lake,
gigabaiti arobaini za sentensi mbili:
Mizani ya Kuusik haijibu. Nitajaribu tena.
Sekunde moja. Haijibu. Nitajaribu tena.
Krismasi. Nitajaribu tena.
Siku ile umeme ulipokatika, pengo,
halafu alfajiri yake:
nitajaribu tena.

Shamba la Evald Kuusik limefungwa mwaka wa tisa sasa.
Ng'ombe kumi na wanne waliuzwa Latvia,
mizani ikaenda na vyuma chakavu,
Evald mwenyewe yuko Tartu kwa bintiye, anacheza drafti.
Hakuna aliyemwambia panya.

Nikafungua programu yenyewe
nimwone mpumbavu aliyeiandika bila kikomo,
bila kuiambia: ukikosa mara mia, pumzika.
Mstari wa kwanza ulisema:
"Ya haraka, kwa leo tu. Nitairekebisha Jumatatu."
Kisha herufi mbili, T.R.
Taavet Raig.
Mimi.

Masikio yakapata moto.
Ule msimu wangu wa kwanza kazini, ndevu za kuhesabika,
Evald nyuma yangu ananuka maziwa na dizeli,
lori linanguruma nje,
namba zikatokea, nikapigwa bega kwa furaha.
Jumatatu ikaja. Zimekuja Jumatatu mia tano na kitu.
Na miaka tisa yote nimeingia mlango huu kumsaka mdudu
aliyekuwa nguoni mwangu,
nikilipwa kwa saa.

Nikaweka kishale juu ya neno Sitisha.
Sijui kwa nini nilisita. Hakuwa kiumbe.
Lakini kati yetu wawili
yeye ndiye aliyeifanya kazi aliyopewa.

Nikabofya.

Feni ikashuka ngazi, ikatua gunia.
Tukaanza kusikia saa ya ukutani,
Ushuru akijilamba,
buti zangu zikidondosha maji mlangoni.
"Ilikuwa nini?" Leelo akauliza,
herufi sasa zikienda sawa na vidole vyake.
"Vumbi," nikasema.

Akavuta droo ya ankara.
Nikamwambia leo aache.

Nilikuwa nimeshawasha gari
nilipokumbuka kwamba mwaka uleule
niliinakili kwenye kompyuta ya tawi la Antsla.
Barabara ilikuwa na barafu, na njaa inauma.
Nitakwenda Jumatatu.