Nyuzi

Picha ya kwanza ilisema safi.
Hakuna damu, hakuna ufa, fuvu zima kama nazi ya sokoni.
Tukarudi Keko, tukanunua chipsi mayai,
Twalibu akacheka: "Si nilikwambia? Kichwa hiki jiwe."

Kisha akatia chumvi kwenye chai. Hilo si kitu, nani hajakosea.
Akabandika birika bila maji.
Akazima feni, eti inavuma kama ukumbi wa Manzese
ile raundi ya sita.
Jina la mtoto wetu wa pili
likamkalia ulimini, mtoto mwenyewe akimtazama.

Miezi mitatu. Majirani: pombe. (Haonji.)
Mama yake: karogwa na kambi ya mpinzani.
Mimi nikavunja kibubu.

Upanga wakamvua pete, mkanda, hirizi yenye kipande cha bati.
"Chuma hakiingii humu," akasema Dokta Kokushubila.
Ule mtungi mweupe ukammeza, ukagonga, ukagonga,
nami nje ya kioo nikihesabu kama refa:
nane, tisa,

Dokta akanigeuzia skrini. Rangi tupu! Nyekundu, kijani, buluu,
utadhani droo yangu ya nyuzi.
"Hii inafuata maji," akasema, "yanavyopita ndani ya ubongo.
Penye afya yananyooka. Hapa," akagusa kwa kalamu,
"yanatawanyika. Kidogo tu. Ile ya kwanza isingeona.
Na picha peke yake si hukumu.
Niambie na wewe unayoyaona nyumbani."

Nikamwambia mimi fundi cherehani.
Huletewa suruali isiyo na tundu, mwenyewe anaapa nzima;
ukiinyanyua mlangoni, kwenye mwanga,
unaona pale gotini uzi umelegea, umemwacha mwenzake.
Kiraka utakitia wapi?
Akanyamaza. "Ndiyo," akasema. "Hivyo hivyo."

Nikalia kwa furaha, Mungu anisamehe.
Si mlevi, si mrogwa, si mvivu.
Ipo picha.

Glavu nimezitia kwenye gunia la vitambaa,
nikalishona mdomo mara mbili.
Bahasha iko juu ya cherehani.
Twalibu anaipapasa, anaisoma jina lake kwa sauti,
ananigeukia na ule upole wake ambao hakuna ngumi iliyoufikia:
"Mama Shani, hivi hospitali tunakwenda lini?"