Dole Gumba

Mwezi wa saba, Tandahimba yote ni ya njano.
Salfa juu ya majani, salfa kwenye kope,
salfa kwenye kola ya shati la benki
niliyoinyoosha kwa pasi alfajiri, Mtwara mjini.

Mimi ni ofisa mikopo. Mwaka wa kumi na moja.
Najua nani atalipa kwa kumtazama viatu tu.
Baba alinifundisha hesabu kwa kokoto na methali moja:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikalipenda daftari. Likanilisha.

Siku ile foleni ilifika hadi duka la pembejeo.
Bi Somoe Nantonga hakujua kuandika jina lake,
kwa hiyo nilimshika mkono.
Dole lake lilikuwa gumu, limepasuka,
lina weusi wa mafuta ya korosho usiotoka kwa sabuni.
Nikalizungusha kwenye wino, kushoto, kulia,
kama tulivyofundishwa semina ya Dodoma,
nikalikandamiza ukurasa wa tisa.
Akauliza, "Hapa pamesemaje, mwanangu?"
Nikasema, "Ya kawaida tu, mama."

Kawaida.
Kifungu cha kumi na nne, mistari sita, herufi kama sisimizi.
Nilikwisha kuwasainisha watu mia nane chini yake,
sikuwahi kukisoma hadi nukta.

Mwaka uliofuata mvua ilikuta maua yako wazi.
Korosho zikaja chache, zenye madoa.
Ekari sita alizopanda na marehemu
zikawa karatasi mlangoni, gundi ikiwa mbichi.
Daftari lilikuwepo. Habari ilibandikwa.
Mali ikapotea hivyo hivyo.

Kwenye baraza la ardhi nilikwenda kama shahidi wa benki.
Wakili wetu alikuja na begi la magurudumu.
Yeye alikuja na mjukuu na chupa ya maji.
Mwenyekiti akamuuliza kama ana swali kwa shahidi.
Alisimama muda mrefu.
Hakuwa na hasira; ningeshukuru angekuwa nayo.
"Wewe uliyenishika kidole," alisema,
"ulikuwa unajua?"

Mwenyekiti akasema swali halieleweki.
Wakili wetu akainuka nusu, akaketi.
Na mimi, ninayeijua riba hadi desimali ya nne,
nikatazama feni.

Tangu hapo nasoma mikataba usiku
kama mtu anayesoma barua za mkewe kwa siri.

Osmunda hanikatazi. Anahesabu tu:
ada, kodi ya nyumba, mkopo wetu wenyewe
(nasi tumetia dole, letu linaitwa saini),
miaka mitatu, kisha ule wa Shule ya Sheria
ambao watu wazima huurudia wakilia.
"Utakuwa na arobaini na moja."
Nitakuwa nayo hata nikibaki, nikamjibu,
na jibu hilo niliona limenyooka
hadi aliposema, akikunja kanga:
"Yule wakili wenu naye alisoma sheria."

Sina la kujibu hapo. Bado sina.

Meneja Likwachala ananicheka:
"Uwatetee wadaiwa sugu? Watakulipa mihogo."
Inawezekana. Napenda mihogo.

Fomu iko mezani, chini ya kalkuleta isipeperuke.
Nimejaza jina, tarehe, shule ya msingi.
Kuna mahali pameandikwa: eleza sababu.
Nimeandika: Kuna swali niliulizwa.
Nimefuta. Nimeandika tena.

Jana nilipita kule. Salfa imerudi.
Mashine ya mwenye shamba mpya ilinguruma
kati ya mikorosho ya watu wawili, mmoja kaburini.
Sikusimama. Ningemwambia nini Bi Somoe,
kwamba jibu lake liko njiani, linachukua miaka minne?

Usiku nikafungua pedi ya wino,
nikalizungusha dole langu, kushoto, kulia,
nikalikandamiza kwenye fomu, mahali pasipotakiwa kitu.
Mistari midogo. Nikainama na taa kuisoma.

Fomu imeharibika.
Kesho nitaomba nyingine.