Tanbihi

Siku ya tatu tuko kwenye kitenzi kimoja,
ghorofa ya pili, Barabara ya Nkrumah,
feni yapepea karatasi kuliko watu.
Yesu amemwona mwenye ukoma
na sisi hatujui amefanyaje.

Kigiriki, asema Kasisi Mwakio, chataja matumbo:
kitu kimemsokota humu ndani.
Matumbo, ajibu Bi Zighe, huuzwa Mwembe Tayari
kwa bakuli, na ndimu na pilipili.
Tukacheka. Tukafuta.

"Alishikwa na uchungu," nikasema mimi.
Wakunga watatuuliza kajifungua nini.

Basi huruma. Huruma haina kosa,
imekaa hapo tangu enzi za babu zetu,
imelainika kama kizingiti.

Lakini Jumamosi, tulipowasomea rasimu kule Kisauni,
Kadzo, muuza viazi karai,
mikono ingali na unga, aliuliza:
"Huruma ya kutoa shilingi ishirini,
au ile ya kukosa usingizi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mamangu tu,
usiku ule kakangu alipochukuliwa,
kaketi sakafuni, kashika ubavu wa kulia:
"Maini yanikatika. Yanikatika."
Hakuwa na neno jingine, wala hakulitafuta.

Jumatatu nikayapeleka maini mezani.
Mwakio akavua miwani.
"Hapa mjini, kumkata mtu maini
ni kumpitia mlangoni na leso mpya
ambayo yeye mumewe hakumnunulia."

Kweli. Leso hiyo naijua, hata jina lake.
Neno moja, lakata kuwili:
huku mama sakafuni,
huku jirani akizungusha kiuno kibarazani.
Nani atamweleza msomaji wa Lamu, wa Bungoma,
ni upande upi uliomgusa Bwana?

Tukapiga kura. Huruma, nne. Maini, moja.

Wakanipa nafasi chini ya ukurasa,
herufi ndogo, za mwenye macho:
*au, maini yalimkatika.*
Na juu ya huruma, kijinambari
mfano wa yai la chawa.

Kanisani hakuna asomaye nambari kwa sauti.
Nami sisomi. Nasoma *huruma*, kama ilivyopigiwa kura.
Ila nikifika hapo husita kidogo,
na mkono, bila idhini ya kamati,
huenda ubavuni.